Mwaka Bibi Alipojinyima Dawa

Matawi makavu ya mkindu yakiungua ndani ya debe hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote: kidogo ya nyasi za kuezekea, kidogo ya mkeka uliosahauliwa karibu na jiko. Kila mwaka, siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, tulichomoa nyuma ya picha ya Bikira Maria tawi tulilokuwa tumelichomeka pale Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, likiwa limejaa vumbi na utando wa buibui, tukalipeleka kwa Mwalimu Deusi, katekista wetu pale Chanji, mjini Sumbawanga. Yeye aliyachoma matawi ya waumini wote pamoja, kisha akayapitisha majivu kwenye chujio la chai ili yasije yakawakwaruza watu usoni. Watu wengine wakinusa harufu ile hukumbuka dhambi zao. Mimi hukumbuka vidonge vidogo vyeupe vya presha, na hasira hunipanda upya, ingawa aliyenikasirisha yuko kaburini miaka mingi sasa, na mimi mwenyewe ni mtu mzima, mwalimu wa sekondari, mama wa watoto wawili.

Namzungumzia Bibi Anastazia, mama mzazi wa mama yangu. Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nyumbani kwetu watu wa kudumu tulikuwa watatu tu: Bibi, Mama aliyeuza dagaa na maharage sokoni, na mimi. Baba alikuwa dereva wa lori, akija anakaa siku mbili, anakula, analala, anaondoka. Bibi alipika pombe ya ulezi katika kibanda cha uani kilichoegemea ukuta wa chumba changu, na sifa ya pombe yake ilifika mbali, kwa sababu wazee waliopanda kutoka vijiji vya bondeni, Milepa na Kaoze, siku za mnada walikuwa wakiuliza njia ya kwa Anastazia kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuamuru, na presha yake ilikuwa ya kutisha. Nesi wa zahanati alikuwa akishamfunga kile kitambaa mkononi na kukijaza upepo, anatazama kipimo, anamtazama Bibi, anarudi kutazama kipimo. Alimpa vidonge vya miezi miwili kwa mkupuo na kumwambia kimoja kila asubuhi, mpaka mwisho wa maisha, bila kuruka hata siku moja.

Ugonjwa wa pili wa nyumba hiyo ulikuwa wangu. Nilikuwa na pumu. Baridi ya Ufipa si ya kuchezea, hasa miezi ya mvua, ukungu unaposhuka mpaka mlangoni na sweta la shule halikauki siku tatu, na kila mtu alisema ni baridi hiyo inayoniua kifua. Wengine walisema ni vumbi la unga, wengine wakamsingizia paka wa jirani. Najua msomaji wa mkoa mwingine akisikia neno Sumbawanga anasubiri nitaje uchawi. Tumezoea, hatutaulizwa habari za mahindi yetu hata siku moja. Natamani angekuwepo mchawi. Mchawi ungemchukia kwa raha zako, na watu wangekusaidia. Sasa utamchukia vipi bibi anayesali rozari tatu kwa siku, tena zote kwa ajili yako?

Basi Jumatano ya Majivu ya mwaka huo Padri alihubiri kuhusu kujinyima. Alisema watu wamezoea kujinyima vitu visivyowauma, mtoto anaacha pipi ambazo hata hivyo hanunuliwi, mzee anaacha nyama aliyoila mara ya mwisho Krismasi. Akasema kila mmoja atafute kile anachoona hawezi kuishi bila hicho, akiache, kisha kile alichojinyima asikirudishe tumboni mwake bali akiweke kwa ajili ya asiyenacho. Halafu, kama ilivyo kawaida ya siku hiyo, akakumbusha kwamba mfungo hautangazwi, ni siri kati ya mtu na Mungu. Padri wa watu alikuwa akifikiria soda na sigara. Sijui kama aliwahi kujua ni maneno gani hasa aliyompa mwanamke aliyekuwa amekaa benchi la tatu, majivu kwenye paji la uso, akitikisa kichwa kwa kukubali kila sentensi. Bibi alikuwa tayari amezima moto wa kibanda cha pombe, kama alivyofanya kila Kwaresima, lakini aliona hiyo haitoshi, kwa sababu ilikuwa desturi tu na haikumuuma.

Kazi ya kumpelekea dawa ilikuwa yangu. Kila asubuhi kabla ya shule nilimbebea kikombe cha uji wa ulezi na kidonge kimoja kwenye kisosi. Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniambia nikimbie nisichelewe namba shuleni. Na mimi mjinga nilikimbia. Wiki ya pili ya Kwaresima nilikuwa natia gao langu la mahindi kwenye kopo. Kwetu kila nyumba ilikuwa na kopo la Kwaresima, kubwa kama la maziwa ya unga, ambalo kila siku mnatia gao moja, ujazo wa kiganja, la mahindi au maharage mliyopunguza kwenye chungu, na Alhamisi Kuu mnalipeleka kanisani kwa ajili ya wenye shida. Nilipolitikisa ili mahindi yashuke, nikaona kitu cheupe. Nilidhani ni dawa ya panya. Nikamwaga kila kitu kwenye ungo, na hapo katikati ya mahindi vikatokea vidonge, kimoja, cha pili, mpaka tisa.

Nilimfuata uani, alikokuwa amekaa juani akichambua maharage, nikamwonyesha ungo. Hakushtuka hata kidogo.

"Bibi, hivi si vidonge vyako?"

"Ni vyangu. Virudishe."

"Kwa nini humezi?"

"Nimemtolea Mungu, kwa ajili ya kifua chako." Alisema hivyo huku akipuliza maganda ya maharage, kama mtu anayeeleza kwa nini chumvi imeisha. "Niambie, tangu Jumatano ya Majivu kifua kimekukoroma mara ngapi?"

Nikahesabu kichwani. Sikuwa nimekoroma. Kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi, nilikuwa nimelala siku kumi na zaidi bila kifua kupiga filimbi, bila Mama kuniketisha kitandani na kunisugua mgongo, na shuleni nilikuwa nimekimbia mbio za kupokezana nikamaliza. Nilikuwa nimeona hayo yote bila kujiuliza sababu. Bibi aliona uso wangu, akatabasamu. Akaniapisha nisimwambie mtu wa nyumbani wala mtu wa kanisani, kwa sababu mfungo ukitangazwa unaharibika. Na akanieleza utaratibu wake, ambao mpaka leo nikiufikiria natamani kupiga meza: Jumapili alikuwa anameza. Jumapili si siku ya mfungo. Mwanamke huyu alikuwa amejipangia kuacha dawa ya presha siku sita na kuimeza siku ya saba, kwa kufuata kalenda ya Kanisa, na alikuwa akiniambia hivyo akitegemea nimsifu kwa uaminifu wake.

Ningemwambia Mama jioni ile ile, kisa kingeishia hapo. Sikumwambia. Nimejitetea miaka mingi kwamba nilikuwa nimeapa, kwamba nilikuwa mtoto, lakini ukweli ni mwingine na nitausema. Niliogopa mambo mawili. Niliogopa Bibi afe, kwa sababu nilimsikia nesi kwa masikio yangu. Na niliogopa kifua kirudi. Mtu ambaye hajawahi kukosa pumzi hawezi kujua jinsi mtoto anavyoithamini akiipata, na nakiri kwa aibu kwamba zilikuwepo asubuhi ambazo hofu ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Nilimpelekea uji na kidonge kama kawaida, naye akakipokea kama kawaida, sote tukijua kinakokwenda, nami nikaenda shule nikivuta hewa baridi mpaka chini kabisa ya mapafu.

Halafu dhamiri ikaanza kunichoma, nikatafuta ujanja wa katikati. Nilikichukua kidonge kwenye kopo, nikakisaga kwa mgongo wa kijiko, nikakikoroga ndani ya uji pamoja na sukari nyingi. Nilifaulu siku nne. Siku ya tano Bibi alionja, akakunja uso, akaniuliza uji huu una nini. Nilisema labda ulezi una ukungu. Akainuka, akaenda kwenye kopo, akahesabu, akarudi. Nilitegemea kofi. Badala yake alikaa chini akaanza kulia, akiniuliza kwa Kifipa, lugha aliyoiweka kwa mambo mazito, kama ninajua nimemfanya nini. Nilikuwa nimemwibia Mungu siku nne, na sasa itabidi azifidie baada ya Pasaka. Nikajikuta mimi ndiye ninayeomba msamaha! Mimi, niliyekuwa najaribu kumwokoa, nilipiga magoti mbele yake nikatubu kwamba nimempa dawa.

Baada ya hapo nilikumbuka kwamba kiapo changu kilihusu watu wa nyumbani na watu wa kanisani. Mama Nasra hakuwa wa huku wala wa kule. Alikuwa jirani yetu, mwenye duka la kona, Mwislamu, na mumewe alikuwa na pikapu ya kubebea mizigo ya wafanyabiashara. Nilimweleza yote nikiwa nimeegemea magunia ya sukari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kiuno, akasema atakuja mwenyewe akifunga hesabu zake za wiki. Akaja na sahani ya vitumbua, akamwamkia Bibi shikamoo kwa heshima zote, akamwambia kwa upole kwamba hata kwao mgonjwa hafungi, Mungu hataki kuua watu kwa njaa wala kwa maradhi, siku zake zinalipwa kwa namna nyingine.

"Hiyo ni dini yenu, mwanangu," Bibi alimjibu, akichukua kitumbua cha pili. "Yenu ina huruma. Yetu ina msalaba."

Mama Nasra akamwomba basi ameze kimoja tu mbele yake, ili yeye alale kwa amani. Bibi akakubali mara moja, akameza, akafungua mdomo akamwonyesha na ulimi. Mama Nasra akanikonyeza, akaondoka ameshinda. Nilibaki nimesimama pale mlangoni nisiweze kufurahi, kwa sababu Mama Nasra hakujua, na mimi katika kumweleza nilikuwa nimesahau kumwambia, kwamba siku ile ilikuwa Jumapili.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi jumuiya zote za Chanji zilifanya Njia ya Msalaba nje, kwenye uwanja wa kanisa, saa tisa alasiri. Misalaba kumi na minne ya miti ilikuwa imechomekwa kuzunguka uwanja, na mvua ya mchana ilikuwa imeacha matope mekundu yaliyoshika viatu. Bibi alikuwa amelalamika kichwa tangu asubuhi, akasema ni njaa. Kituo cha kumi na mbili, pale tunapokumbuka kufa kwa Bwana, watu hupiga magoti na kukaa kimya muda mrefu. Tulipoinuka kuendelea, Bibi hakuinuka. Alibaki amepiga magoti, bega limeegemea mti wa msalaba, kichwa kimeinama, rozari imeshuka kwenye matope. Nikamshika mkono. Mama mmoja wa jumuiya akaniondoa kwa utaratibu. "Mwache, mjukuu, anasali," akaninong'oneza. "Usimkatishe." Na wenzake wakatikisa vichwa kwa kuguswa, wakampita mmoja mmoja kwa ncha za vidole, wakijifunika kanga vizuri, wakimwonea wivu mtakatifu wao. Watu wazima zaidi ya mia walimpita mgonjwa wa kiharusi wakidhani ni ibada.

Walikuwa wameshaanza wimbo wa kituo cha kumi na tatu nilipoinama na kumtazama usoni. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Hapo sikukumbuka kiapo wala kifua. Nilipiga kelele mpaka wimbo ukakatika: "Hajameza dawa! Bibi hajameza dawa tangu Majivu!" Mama alitoka mbele akikimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Mwalimu Deusi alitupa kitabu chake cha sala. Aliyempeleka Bibi hospitali ni Baba Nasra, kwa pikapu iliyokuwa bado na maganda ya vitunguu, mimi nikiwa nyuma nimeshikilia kichwa chake ili kisigonge bati, nikimsemesha njia nzima kwa maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia bibi yake. Nilimwita mkaidi. Nilimwita mwongo. Nikamwambia asipokufa nitamshitaki kwa Askofu.

Hakufa. Alilala hospitali wiki tatu, Pasaka ikampita akiwa kitandani, na mkono wake wa kulia haukurudi tena. Nililipeleka lile kopo kwa nesi wa wodi, akachambua vidonge kwenye mahindi, kisha akakaa kwenye kiti cha mgonjwa akafunika uso, sikujua kama anacheka au analia. Padri naye alifika kumpaka mafuta matakatifu. Aliposikia habari yote alikasirika waziwazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Mama Anastazia, nilisema mjinyime mnachokipenda. Wewe dawa unaipenda?"

Bibi alijibu kwa nusu ya mdomo, taratibu, ikabidi Padri ainame. "Siipendi, Baba. Ila ulisema tuache kile ambacho hatuwezi kuishi bila hicho."

Padri alikuwa mtu mkweli, hakujitetea. Alimshika ule mkono uliolegea akamwamuru, kama sehemu ya kitubio chake, ameze kidonge kila siku ya maisha yake, Jumapili na siku za juma, Kwaresima na siku za kawaida. Nataka ieleweke kwamba Bibi alilitii agizo hilo mpaka alipofariki, miaka tisa baadaye, bila kukosa hata mara moja. Nesi alikuwa amemwambia neno hilo hilo kabla na halikuingia. Ilihitajika liwe adhabu ndipo alisikie, na jambo hili nalo linanikera.

Lakini linalonikera kuliko yote ni kifua. Daktari kijana aliyemtibu Bibi alinipima na mimi siku moja, kwa sababu nilikuwa nashinda pale, akaniuliza nalala wapi na tunapikia wapi. Alipojua kuhusu kibanda cha pombe na ukuta wa chumba changu, aligonga meza kwa kalamu. Moshi, akasema. Kuni mbichi zinaungua siku mbili mfululizo, moshi unapenya kwenye nyufa, mtoto anauvuta usiku na mchana. Kwaresima mlizima moto, mtoto akapona. Ni hivyo tu. Nilifurahi mno. Hatimaye nilikuwa na jibu! Nilikimbia mpaka wodini, nikamweleza Bibi kila kitu, nikimwonyesha kwamba mkono wake ameupoteza bure, Mungu hakuhusika, ni moshi. Alinisikiliza kwa makini. Kisha lile jicho lake moja lililokuwa linafunguka vizuri likang'aa.

"Na nani aliuzima ule moto?" akauliza.

Kibanda hakikuwashwa tena. Mama alikibomoa kabla Bibi hajarudi nyumbani, na mimi sijakoroma tangu mwaka ule. Kwa miaka tisa Bibi aliwaeleza wageni, akiuinua mkono wa kulia kwa kutumia wa kushoto, kwamba Mungu alichukua huu akamwachia mjukuu pumzi, na kwamba yeye anaona aliyepunjika ni Mungu. Nami nilikaa pembeni nikipumua vizuri, ushahidi wake unaotembea, nimenuna.

Leo chumba kile ni stoo, na Chanji imejaa nyumba za bati la rangi na majiko ya gesi. Matawi yanachomwa bado, chujio la chai ni lile lile kwa jinsi ninavyolijua. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeanza wiki moja, nikakutana na Nasra katika duka la mama yake, ambalo sasa ni lake, anafunga, nami nafunga, tukacheka kwamba mtaa mzima hauna wa kumwuzia chapati mchana. Ana sukari, Nasra, na daktari amemkataza kufunga siku zote, kwa hiyo siku nyingine anakula bila aibu, kama mama yake alivyosema. Mimi nimerithi presha ya Bibi. Namwamini daktari, nawafundisha wanafunzi wangu baiolojia, na nina maneno makali kwa mtu yeyote anayetupa dawa kwa jina la imani. Wenzangu kazini wananiogopa kwa hilo.

Jumatatu iliyopita binti yangu mdogo aliamka anakohoa. Kikohozi cha kawaida, mafua ya mvua, kilikwisha Jumatano. Nilikuwa jikoni na kikombe cha uji mkono mmoja, kidonge changu kwenye kiganja cha mkono mwingine, nikamsikia kutoka chumbani, akikohoa, akinyamaza, akivuta pumzi, na nikajikuta nimeganda. Nilikitazama kile kidonge. Uji ulipoa ukaanza kutengeneza utando juu. Nilikimeza, bila shaka nilikimeza, tena kwa hasira, nikimtaja Bibi kwa jina. Lakini nilikuwa nimekishika muda mrefu mno, na yule mwanamke, popote alipo, najua aliniona.